Dawa ya Kuku, Dawa ya Papa

Ngagara, Quartier 5, Bujumbura
11 Februari 2024

Kwako mdogo wangu Valéry,

Amahoro. Natumaini baridi ya huko Liège haijakumaliza. Sisi hapa tupo. Mvua inanyesha kila siku na ziwa limepanda, wale wa nyumba za chini kule Kinindo wanahamisha viti na magodoro. Raïssa wangu amepita darasa, na sasa amenizidi kimo. Mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo mayai nayapeleka sokoni kwa miguu. Kuku ni wazima, wanakaribia mia tatu, na wanataga vizuri.

Utashangaa kuona karatasi. Papa, mzee wetu, ndiye aliyesema niandike. "Kwenye simu munagombana," alisema. "Andika. Barua haipigi kelele." Ni kweli. Siku ya Noeli ulinifokea kwa sababu nilimnunulia Papa vidonge vya antibiotiki famasi bila karatasi ya daktari, ukasema watu kama mimi ndio wanaoharibu dawa za dunia nzima. Tangu siku hiyo simu ikilia na jina lako, naiacha ilie. Basi barua hii nampa Caritas, binti wa jirani, anayerudi Ubelgiji Jumanne.

Neno lenyewe ni hili. Papa alipopasuliwa tezi dume mwezi wa Desemba walimwachia mrija wa mkojo. Homa ikaanza wiki ya pili. Inashuka, inapanda. Tumerudi kliniki mara tatu. Daktari wake anaitwa Prodige, kijana mpole, anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Alipeleka mkojo labo, na karatasi ya majibu nimeikunja humu ndani. Ina majina ya dawa kumi na nne, na mbele ya kila jina wameandika herufi R. Nilimuuliza maana yake nini. Akatazama dirishani, akasema, "Mama Raïssa, tutajaribu."

Wewe umesomea vijidudu hivi miaka sita. Niambie.

Papa anakusalimu. Anasema kula vizuri na umalize shule.

Dada yako,
Amélie


Liège, 2 Machi 2024

Dada Amélie,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari ni nzito. Mpongeze Raïssa. Mwambie mjomba wake anamwekea kamusi nzuri ya Kifaransa. Hapa theluji imeyeyuka, nami nashinda maabara kwa sababu nitatetea tasnifu yangu mwezi wa Juni.

Kuhusu Noeli, nilizidisha sauti. Tuyaache hayo.

R maana yake bakteria ni sugu. Dawa inamgusa na hafi. Bakteria wa Papa ni wa aina inayoishi matumboni mwetu sote bila kutudhuru, mpaka wapate njia ya kupita, na mrija wa mkojo ni njia. Aina hii ina tando mbili. Dawa nyingi hufanya kazi ndani kabisa, kwa hiyo lazima zivuke utando wa nje kwanza, kupitia vitundu vidogo. Bakteria sugu hupunguza vitundu hivyo. Dawa ikipenya, kuna pampu kwenye utando zinazoisukuma nje tena. Wengine wana kemikali za kuikatakata kabla haijafika popote. Huyu wa Papa inaonekana anafanya yote matatu.

Lakini imebaki dawa moja ambayo labo yenu haikuipima, kolistini. Ni dawa ya zamani, ya miaka ya hamsini. Madaktari waliiweka kando kwa sababu inaumiza figo, na sasa wameirudia kwa kukosa nyingine. Hii haihitaji kutafuta kitundu cha kuingilia. Inaushambulia utando wenyewe. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi, kolistini ina chaji chanya, zinavutana kama sumaku. Dawa ikishanata inauchana utando, na yaliyo ndani yanamwagika. Nimeutazama utando huu miaka minne, dada. Ndiyo kazi yangu yote. Mwambie Daktari Prodige aitafute.

Natamani ningekuwa hapo.

Valéry


Bujumbura, 24 Machi 2024

Kwako Valéry,

Tunakusalimu kutoka nyumbani. Raïssa ameanza mafundisho ya kipaimara na anatuuliza maswali ambayo hata padri hayawezi. Jirani yetu Houda amejifungua mtoto wa kike. Papa alitembea hadi kwenye geti Jumapili, akakaa juani nusu saa, akarudi akitetemeka.

Barua yako nilimpelekea Daktari Prodige. Aliisoma amesimama, akaketi, akaisoma tena. Halafu akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Kolistini?" akasema. "Mama Raïssa, kolistini katika mji huu iko kwa kuku tu. Ya watu apana. Ya sindano inatoka nje."

Nikamwambia, "Ya kuku? Gani hiyo?"

"Ile unga ya kuweka mu maji. Wafugaji wote wanayo."

Valéry, nilirudi nyumbani nikaenda moja kwa moja bandani. Nikachukua ile pakiti ya unga ninayonunua dukani kwa Atumani kule Asiatique, nikasoma yale maandishi madogo ambayo sijawahi kuyasoma. Ni jina lile lile. Ni ule unga ulionifundisha mwenyewe mwaka 2017, ulipokuwa bado unasomea udaktari wa mifugo hapa, vifaranga wangu walipokuwa wanakufa kwa kuhara. Uliniandikia ukutani kwa rangi nyekundu: "Jumatatu, kijiko kimoja, ndoo moja." Nimefuata hivyo hivyo, wakiwa wagonjwa, wakiwa wazima. Nimewafundisha na wenzangu. Tangu astaafu kazi ya kupima viwanja, Papa ndiye anayekoroga ndoo ya Jumatatu, kwa mkono wake, kwa sababu anasema kijiti hakichanganyi vizuri.

Sasa mimi sikusoma kama wewe, nauliza tu. Kama ni dawa moja, na ya watu haipatikani, naweza kumpa Papa hii ya kuku kidogo kidogo? Jibu upesi. Na kama haifai, tutumie ya sindano.

Amélie


Liège, 8 Aprili 2024

Dada Amélie,

Usimpe Papa unga wa kuku. Usijaribu hata ncha ya kijiko. Tumboni haiingii kwenye damu, haitamsaidia.

Daktari Prodige amenitumia karatasi ya dawa kwa barua pepe, nami nimepata chupa za sindano za siku kumi na nne. Anazileta Herménégilde, mwalimu mmoja anayekuja Bujumbura tarehe 20. Mpokee uwanja wa ndege wewe mwenyewe. Zikae kwenye friji, na daktari apime figo kila baada ya siku mbili.

Hongera kwa Houda. Hapa miti imeanza kuchanua, na mpangaji wa juu amenunua piano asiyoweza kuipiga. Mwambie Papa tasnifu imefika kurasa mia mbili, na ukurasa wa kwanza una jina lake.

Kuhusu kuku, acha kuwapa ule unga. Nitakueleza siku nyingine.

Valéry


Bujumbura, 19 Mei 2024

Kwako Valéry,

Salamu. Herménégilde alifika salama na chupa zote nzima, Mungu amlipe. Raïssa amepata kipaimara chake, gauni nilimshonea mwenyewe. Papa hakuweza kwenda kanisani. Tulimletea picha.

Dawa ilianza tarehe 22 Aprili. Siku ya tatu homa ilishuka. Papa aliomba ndagala wa ziwani na ugali wa muhogo, akala, akaniuliza kama maharage yake ya nyuma ya banda yamepaliliwa. Nilifikiri tumevuka. Siku ya sita homa ikarudi na kutetemeka kulekule, na miguu ikaanza kuvimba. Figo. Daktari Prodige alisimamisha dawa. Tangu mwanzo alikuwa amepeleka wale bakteria kwenye labo kubwa Nairobi, kwa sababu hapa hatuna chombo cha kupima kolistini. Jibu limefika wiki iliyopita. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama Raïssa, na hii nayo apana."

"Apana namna gani? Si ndiyo dawa ya mwisho?"

"Ndiyo. Na iko sugu."

Nikamwambia, "Papa hajawahi kupewa dawa hii maisha yake yote. Ilitoka Ulaya mwezi uliopita. Kidudu kiliijulia wapi?"

 Prodige akaniuliza, "Nyumbani munafuga?"

 Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Sasa nakuuliza wewe. Bakteria wa Papa wamejifunza wapi dawa ambayo Papa hajaiona? Na kwa nini uliniambia niache kuwapa kuku ule unga halafu ukanyamaza? Mtu haambiwi aache kitu bila sababu. Papa hukusanya mbolea ya kuku kwa mikono mitupu, anaiweka kwenye maharage yake. Anachinja. Mayai yaliyopasuka sisi ndio tunaokula. Nijibu. Usinieleze piano ya mtu wa juu.

Amélie


Liège, 4 Juni 2024

Dada yangu,

Mshike Papa mkono kwa niaba yangu. Nimempigia Daktari Prodige mara mbili na tumekubaliana ajaribu dawa tatu kwa pamoja. Zikipigana upande mmoja zinaweza kufanya kile ambacho kila moja peke yake imeshindwa. Kuna matumaini, madogo, lakini yapo.

Umeuliza, nami nakujibu kama ninavyojibu wanafunzi.

Nilikwambia utando wa bakteria una chaji hasi na kolistini ina chaji chanya. Bakteria aliye sugu kwa kolistini hubadilisha utando wake. Anatengeneza kimeng'enya, nacho kinabandika kipande kidogo cha kemikali mahali palepale ambapo dawa hunata. Kipande hicho kinapunguza chaji hasi. Kolistini inafika, haioni pa kushika, inapita. Ndiyo hivyo tu. Hajengi ukuta mpya. Anabadilisha kidogo uso wa ule wa zamani.

Maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hicho mara nyingi hukaa kwenye kiduara kidogo cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa jamii tofauti. Kwa hiyo si lazima bakteria wa Papa akutane na dawa. Inatosha akutane na bakteria mwingine aliyekutana nayo, mahali dawa inapotumika kila wiki. Wanaokufa ni wale wasio na kiduara. Wenye nacho wanabaki na nafasi yote.

Inaweza kuwa kliniki. Inaweza kuwa maji, au soko. Kisayansi hatuwezi kusema ni wapi bila kupima, na huenda hata tukipima tusijue.

Kuna jambo lingine, nami naomba ulisome kwa utulivu. Profesa wangu amesikia habari za Papa. Hatujawahi kupata bakteria wa namna hii kutoka Bujumbura. Kama familia ikikubali, Prodige anaweza kututumia sampuli kutoka kwenye friji ya labo. Ingesaidia wengine wengi.

Nitatetea tasnifu tarehe 21. Niombee.

Valéry


Bujumbura, 20 Julai 2024

Valéry,

Salamu za nyumbani unazijua.

Tulimzika Papa tarehe 30 Juni. Uliona mazishi kwenye simu ya shemeji yangu, alininong'oneza kwamba uko hewani na kwamba unalia. Watu walikuwa wengi, hata wazee aliowapimia viwanja miaka ya themanini walikuja na fimbo zao. Walipouliza Daktari Valéry yuko wapi, nilijibu kama ulivyoniandikia kwenye simu, kwamba kitambulisho chako cha ukaazi kimeisha, na ukitoka hutaweza kurudi. Wakatikisa kichwa, wakasema pole.

Barua yako ya Juni ilifika siku kumi kabla hajafa. Nilimsomea sehemu ya kwanza, ile ya utando. Alikuwa na akili zake zote mpaka mwisho. Alisikiliza macho yamefumbwa. Nilipomaliza akauliza, "Iyo dawa ya Valéry, si ndiyo ile ya mu ndoo?"

Nikasema, "Apana, Papa. Ile ni ya kuku."

"Mi nimeisoma jina kwenye chupa wakati ule infirmière ananidunga. Mi nimepima viwanja miaka makumi tatu, Amélie. Jina moja likiandikwa kwenye karatasi mbili, najua ni kiwanja kimoja."

Nikaikunja barua.

"Kwa hiyo ni mu mkono wangu," akasema, akauinua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Papa, hakuna anayejua."

"We usimuulize. Mwache amalize shule. Akisha maliza, hatakuwa na haja ya kuulizwa, atasema mwenyewe."

Tarehe 21 ulitetea. Ulipiga simu ya Prodige, akaiweka sikioni kwa Papa, ukamwambia, "Papa, nimekuwa daktari." Akakwambia, "Vizuri, mwanangu." Halafu ulimweleza chakula mlichokula na jinsi profesa alivyokusifu. Nilikuwa nimekaa kitandani pembeni yake, nilisikia kila neno. Papa alikuwa anasubiri. Ulipokata simu alimrudishia Prodige, akamshukuru, akageukia ukuta. Baada ya hapo hakukutaja tena. Alikufa tarehe 27, saa tano asubuhi, Raïssa akiwa shuleni.

Papa alinikataza kuuliza. Papa amekufa, mimi nauliza. Sikuulizi kisayansi. Sikuulizi kama ni kliniki au soko. Nauliza neno moja: ulijua tangu lini?

Mambo ya sampuli usinitajie.

Amélie


Liège, 1 Septemba 2024

Dada Amélie,

Barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara nilijikuta nazungumzia hali ya hewa. Nitakwambia moja kwa moja.

Nilijua tangu Novemba 2018. Nilikuwa na miezi miwili tu hapa. Profesa alituonyesha picha za mabanda ya kuku, akaeleza jinsi kolistini inayotiwa kwenye maji ya kunywa inavyowalea bakteria wa aina ile, na jinsi wanavyofika kwa watu. Nilijua banda ninaloliona siyo lile la kwenye picha. Ni la kwetu, na mwandiko wa ukutani ni wangu. Nilitoka nje na simu mkononi. Nilipoifungua kulikuwa na ujumbe wako. Ulikuwa umeandika kwamba mayai yamekwenda vizuri na ada yangu ya muhula umeituma.

Nikairudisha simu mfukoni.

Nilijiambia nitakueleza likizo ikifika. Halafu nikajiambia ni banda moja tu, Burundi nzima wanatumia, nikikwambia wewe itabadilisha nini? Ungeacha unga, kuku wangekufa, nami ningerudi nyumbani bila shule. Ndivyo nilivyofikiri, dada, kwa maneno hayo hayo. Mwaka uliofuata nilichagua utando huu kuwa somo langu. Nilijidanganya kwamba nikiuelewa sana nitakuwa nimelipa. Nimeandika kurasa mia mbili na kumi, na hakuna hata moja yenye neno Ngagara.

Na siku ile ya Noeli nilikufokea kwa ajili ya vidonge vya famasi huku nikijua yote haya. Nadhani nilikufokea kwa sababu nilijua.

Siwezi kuthibitisha kwamba walitoka bandani. Ni kweli, huenda walitoka kliniki. Lakini najua kwamba kwa miaka hiyo yote nilijificha nyuma ya neno hilo.

Kuna la pili. Kitambulisho changu kilikuwa hakijaisha. Kinafanya kazi mpaka Machi. Nilikuwa nimeshatafuta tiketi. Sikuweza kufikiria nikipita kwenye geti, nikae na watu kwenye kilio, na banda liko pale nyuma.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu usinyamaze. Na kama utaweza, fikiria tena habari ya sampuli. Si kwa ajili yangu.

Valéry


Bujumbura, 13 Oktoba 2024

Valéry,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja, na sijamsomea mtu.

Habari za hapa ni hizi. Niliacha unga mwezi wa Mei, baada ya Prodige kuniuliza kama tunafuga. Julai kuhara kulirudi bandani. Wamebaki kuku sitini na wawili. Waliokufa niliwachoma nyuma ya nyumba, na yale maharage ya Papa niliyang'oa nikayachoma pamoja nao, kwa sababu sikujua kama yanaliwa, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza ninayemwamini. Raïssa alisimama mlangoni akanitazama.  Sasa hivi anarudi kutoka shuleni kwa miguu na hapumziki tena mchana.

Niliwaendea wale wenzangu niliowafundisha unga, nyumba kwa nyumba. Ni kumi na mmoja. Houda nilimkuta anamnyonyesha mtoto. Nikamweleza yote, na ya utando pia, jinsi ulivyonieleza. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kuku wangu nao wafe kama wako?" akauliza.

Nikamwambia aweke matandazo safi, apunguze wingi bandani, achemshe maji, aite daktari wa mifugo wakiugua.

"Daktari yupi? Si ni daktari ndiye alikufundisha?"

 Akanisindikiza mpaka kwenye geti, kwa adabu, lakini tangu siku hiyo haji tena kwangu. Wawili kati ya kumi na mmoja wameacha. Wengine wananisalimu kwa mbali. Nilikwenda hata kwa Atumani, Asiatique. Pakiti zimepangwa mbele kabisa, karibu na chumvi ya ng'ombe. Aliniambia pole ya msiba, kisha akamhudumia mtu aliyekuwa nyuma yangu, akampa mbili.

Ulijua miaka sita. Nimejaribu kuhesabu Jumatatu zote hizo, nikaacha. Kila Jumatatu Papa alikunja shati, akaingiza mkono kwenye ndoo. Na mimi nilikuwa nikimcheka, namwambia, "Papa, utanuka kama kuku." Ungetuma neno moja. Mimi ningeuza kuku wale wote siku hiyo hiyo, na ada yako ningeitafuta kwa kufulia watu nguo. Ungejua hivyo kama ungenijua. Hiyo inaniuma kuliko kitambulisho. Ulinifikiria mtu ambaye angechagua mayai.

Sasa kuhusu sampuli. Wiki iliyopita Prodige alikuja nyumbani mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha Papa bila kujua ni cha Papa, nami sikumwambia. Akasema pale kliniki kuna mama wa miaka ishirini na mitatu, amejifungua kwa kupasuliwa, na kwenye kidonda chake wamemkuta bakteria mwenye karatasi kama ile ya Papa, R mpaka chini. Anaitwa Orpha. Mume wake anauza nguo. Mtoto yuko mzima. Prodige akasema kama wale wa Papa wakichunguzwa huko, labda itajulikana dawa gani zikiunganishwa zinaweza kupita. Alisema labda mara tatu. Nilimpenda kwa kusema labda.

Nimekubali. Siyo kwa ajili yako, wala profesa wako. Ni kwa ajili ya Orpha, ambaye sijamwona, na ambaye Papa angemuuliza baba yake ni nani na kiwanja chao kiko wapi.

Prodige alitoa fomu mfukoni. Alinieleza kwamba kwa sheria ya kliniki watoto wote wa marehemu lazima waweke saini, ndiyo maana juu kabisa wameuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Akaniambia anaweza kukutumia nakala kwa simu, itachukua dakika moja.

Nikamwambia si lazima. Nikaandika: mmoja. Nikaweka saini.

Amélie